Barua Yangu ya Onyo

Ngiri yangu niliificha miezi minane. Naweza kuitaja sasa bila haya kwa sababu imekwisha kushonwa, lakini wakati ule niliificha kuliko kitu chochote nilichowahi kumficha mke wangu, na nimemficha mengi. Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani Dabani nilijifunga kipande cha leso kiunoni, nikakaza mpaka pumzi ikakatika, nikavaa shati refu juu yake, nikaenda kuendesha teksi.

Teksi kwetu ni yale magari ya abiria kumi na wanne. Yangu ilifanya kazi njia ya Busia na Tororo, na kusema kweli haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa ng'ambo, yaani upande wa Kenya, muuza mitumba, mwenye sauti ya kumwita mteja aliyekwisha vuka mpaka. Mimi nilikuwa dereva wake kwa miaka sita. Mizigo ya kupakia juu ya gari ndiyo iliyonimaliza. Abiria wa Tiira, wale wachimba dhahabu, wana mifuko midogo midogo inayozidi uzito wa gunia la mahindi, na mimi ni mtu wa kiburi, sikupenda kuonekana nikiomba msaada.

Mtu atauliza kwa nini nisiende hospitali. Swali hilo huulizwa na watu waliozoea kazi ya barua. Kazi yetu sisi ilikuwa kazi ya ufunguo. Hakuna aliyekuandikia kitu. Mwenye gari alikupa ufunguo na kukuambia hesabu ya siku anayoitaka, ukaondoka. Siku yenye abiria ulikula, na siku isiyo na abiria alikula yeye peke yake. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako, una kazi. Ukiwa mfukoni mwa mwenzako, kazi ni ya mwenzako, hata kama ulimpa akushikilie kwa saa mbili tu. Ndivyo tulivyoishi pale steji, yaani kituo chetu cha teksi, na hakuna aliyeliita jambo hilo wizi. Kwa hiyo dereva hakuugua. Nimewaona watu wakiendesha na homa, meno yanagongana, dirisha limefungwa wakati wa jua kali. Mmoja alimzika mama yake asubuhi na mchana alikuwa kwenye foleni ya magari akila chapati.

Halafu mambo yakabadilika, na hayakubadilika kwa upole. Madereva tuliegesha magari siku tatu. Wenye magari walitutukana siku ya kwanza, wakatubembeleza siku ya pili, na siku ya tatu tukaketi nao katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa kama vya arusi. Tuliketi Jumapili kadhaa. Mwishowe ikaandikwa karatasi. Mshahara kwa mwezi, uwe umepata abiria au hukupata. Siku ya kupumzika kila juma. Na kipengele kimoja kuhusu ugonjwa: dereva akiugua atakabidhi ufunguo kwa katibu wa steji, katibu atampa dereva wa kushikilia, tunayemwita skwodi, mgonjwa atalipwa nusu mshahara mpaka apone, na akipona gari litarudi kwake.

Tulitia sahihi wote. Kisha tukarudi steji tukacheka. Mshahara tuliuamini baada ya kuuona mwisho wa mwezi, lakini kipengele cha ugonjwa tulikiita kipengele cha mbinguni, kwa kuwa tulidhani huko ndiko tutakakokiona kikifanya kazi. Karibu kila dereva alikuwa na ugonjwa wake anaouficha, na kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada ya kuogopa. Sababu hiyo ilikuwa inakaa kila siku kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa ofisi ya steji, imevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, na jina la cheo chake lilikuwa katibu.

Miaka kumi na tisa iliyopita katibu huyo alikuwa dereva, na mimi nilikuwa kondakta wake. Yeye ni Mjopadhola wa upande wa Tororo, mimi Msamia, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, hiki cha mpakani ambacho hakijali sana sheria. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Siku moja malaria ilimshika, akanipa ufunguo mbele ya watu akasema, shikilia gari, nakwenda kupata dawa. Mwenye gari wa wakati ule aliniona siku hizo, akaona silewi na sichelewi, akaniuliza kama naweza kuendelea moja kwa moja. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na mke mwenye mimba na chumba kimoja cha kupanga, nikasema naweza. Mwalimu wangu alipopona, kiti kilikuwa changu.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alinunua baiskeli, akawa anawavusha watu na mizigo yao mpakani, mtu mzima mwenye leseni ya gari mfukoni, miaka mingi, mpaka magoti yakakataa. Madereva walimchagua kuwa katibu kwa sababu ana mwandiko mzuri na hacheki na mtu. Miaka yote hiyo tulisalimiana vizuri. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita kijana, mpaka mvi ziliponitoka akaendelea kuniita kijana. Lile jambo hatukulitaja.

Na sasa karatasi ilinitaka nimkabidhi ufunguo huyo huyo.

Mke wangu aliigundua ngiri siku niliposahau kuifua ile leso. Alinipeleka mwenyewe kwa daktari mmoja Tororo, akiniongoza kwa kunishika mkono wa shati kama mtoto mtoro. Daktari aliniminya hapa na pale, akasema nina bahati haijajinyonga, yaani utumbo haujabanwa humo, na kwamba nikiendelea kunyanyua mizigo itajinyonga, na hapo hakuna mtu atakayeniuliza kama nina nafasi. Upasuaji Jumatano. Baada yake majuma sita bila usukani.

Jumanne alasiri nilirudi steji na safari yangu ya mwisho, nikaegesha, nikaenda ofisini. Katibu alikuwa na utaratibu wake. Alitaka ufunguo uingizwe katika bahasha ya kaki, dereva aandike namba ya gari, aifunge kwa gundi na kutia sahihi yake juu ya mkunjo, ili baadaye mtu asije kusema hiki wala kile. Skwodi angeifungua asubuhi mbele ya watu. Alinipa bahasha bila kunitazama.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu wa kazi nyingine hawezi kuufikiria. Mfukoni nilikuwa na funguo mbili, wa gari na wa kufuli la ghala letu la chakula kule nyumbani. Niligeuka kidogo kana kwamba natafuta kalamu, nikatia bahashani ufunguo wa ghala. Nikapaka gundi. Nikatia sahihi nzuri sana. Wa gari nikabaki nao. Niliwaza kwamba gari lisipotembea, hakuna atakayeendesha vizuri kuliko mimi, na hakuna atakayeulizwa kama anaweza kuendelea. Ufunguo wa pili wa gari lile ulipotea zamani, kila mtu alijua. Nilipanda pikipiki ya kunirudisha Dabani nikijiona mjanja.

Asubuhi mke wangu alitaka kuwaachia watoto unga kabla ya safari ya hospitali, akautafuta ufunguo wa ghala nyumba nzima. Nilimsaidia kutafuta. Niliinama mpaka chini ya kitanda pamoja na ngiri yangu. Mwishowe alichukua jiwe akalivunja kufuli, kufuli jipya, akanitazama na kusema kwa Kisamia kwamba leo nina macho ya mtu aliyekula kuku wa jirani. Ufunguo wa gari nilikuwa nimeuficha ndani ya soksi.

Hospitalini nesi aliniambia nivue kila kitu, na soksi pia. Nilizikunja nikampa mke wangu, nikamwambia azishike vizuri. Akasema ni soksi. Nikamwambia hata hivyo. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikaniaga, na baada ya hapo sikumbuki mengi isipokuwa daktari akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya.

Saa tisa mchana nilikuwa wodini, mke wangu kando yangu, miguu bado haijarudi, nilipomwona katibu akiingia. Alikuja na teksi ya mwenzetu, akatafuta kitanda changu mstari mzima akiwasalimu wagonjwa mmoja mmoja. Ningekuwa na miguu ningekimbia. Alimwamkia mke wangu, akampa pole, akatoa kitu mfukoni akakiweka juu ya shuka langu.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

Mke wangu aliinama kutazama. "Ni ufunguo wa ghala langu," akasema taratibu. "Leo nimevunja kufuli."

"Basi mimi nilidhani ni gari mpya," katibu akasema. "Skwodi amefungua bahasha mbele ya watu wote. Amejaribu hii kitu kwa mlango, amejaribu kwa stata. Watu wamecheka. Gari imelala leo siku nzima, kijana. Abiria wamekwenda na gari ingine."

Nilitazama dari. Nilikuwa nimeelewa, polepole, jinsi nilivyojichongea. Karatasi ile ile iliyonilinda nikiwa mgonjwa ilisema pia kwamba kulaza gari bila sababu ni kosa. Kazi niliyokuwa naogopa kunyang'anywa nilikuwa nimeiweka mwenyewe mkononi mwa mtu mwenye kila sababu ya kuitupa.

"Kwa nini umefanya hivi?" akauliza.

"Niliogopa."

"Wewe naogopa nani?"

Mke wangu pia alikuwa ananitazama. Hakukuwa na njia. "Wewe, Mzee," nikasema.

Alivuta kigoda akaketi. Aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na uzi ukamkwama sikioni.

"Umefanya vizuri kuogopa," akasema. "Mimi sikupendi. Wewe najua sababu, na mimi najua, hapana haja ya kusumbua mama hapa na hiyo maneno. Leo asubuhi nimeona hii ufunguo yako ya unga, nimesema, sasa Mungu ameleta huyu mtu kwa mkono yangu. Nimekaa na hiyo furaha mpaka saa nne. Halafu nimefungua karatasi, nimesoma. Nimesoma tena. Karatasi haiulizi kama mimi nakupenda. Inasema kosa ya kwanza, barua ya onyo. Basi. Inasema mgonjwa akipona, gari ni yake. Kwa hiyo kazi yako iko. Hata kama mimi nakuchukia, kazi yako iko."

Nimesikia maneno mengi matamu maishani, mengine kutoka kwa mke wangu, lakini hayo ndiyo yaliyonishusha pumzi kuliko yote. Miezi minane nilikuwa nikijiuliza kama mzee huyu amenisamehe, nikimpelekea karanga, nikicheka vichekesho vyake ambavyo havichekeshi. Kumbe halikuwa swali langu. Kazi yangu haikuwa imening'inia kwenye moyo wake tena, wala kwenye moyo wa mwenye gari, wala kwenye uhodari wa skwodi. Nilisikia machozi yakishuka kuelekea masikioni kwa vile nilikuwa nimelala chali, na sikuyafuta.

Mke wangu aliifungua ile soksi akampa ufunguo wa gari. Aliupokea kwa ncha za vidole.

Barua yenyewe alikuwa nayo tayari. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, na mwenye gari alikuwa ameipigia muhuri wa duka lake la mitumba. Ilisema kwamba mimi, dereva, nimekosa kwa kutia ufunguo usiohusika katika bahasha, na kwamba naonywa. Chini yake mama wa ng'ambo alikuwa ameongeza kwa kalamu yake mwenyewe: "Pona kwanza. Lakini hii mchezo ukirudia tutaonana mimi na wewe." Niliisoma mara tatu. Nina miaka arobaini na tisa, nimeendesha magari ya watu miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo karatasi ya kwanza iliyoniita dereva wa mtu. Mtu huonywa kwa sababu anatarajiwa kurudi. Mke wangu alipoona jinsi ninavyoishika alianza kucheka, akanichekesha na mimi, na mshono ukaniadhibu vikali.

Nyumbani tuliiweka katika kopo la kadi za kliniki na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Majuma yale sita sitasema yalikuwa matamu. Nilijikaza kisabuni juma la kwanza, nikatembea mpaka kisimani kabla ya siku zake, nikagombezwa. Niliketi uani nikimenya mihogo kama bibi arusi anayepimwa. Roho bado ilikuwa juu juu, sikatai. Usiku mmoja haufuti miaka ya kuishi kwa ufunguo. Skwodi wangu alikuwa mtu wa Buhehe, mpole, dereva mzuri, na uzuri wake ndio ulionikera. Lakini mwisho wa mwezi simu ililia, nusu ya mshahara ikaingia, mimi nikiwa nimekaa chini ya mti na bakuli la uji. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akasoma ule ujumbe kwa sauti kubwa ili jirani asikie.

Wenzangu walipiga simu karibu kila siku. Walijidai wananijulia hali. Mmoja mwenye shinikizo la damu aliniuliza mara mbili katika juma moja, "Sasa wewe narudi kweli?" Nikamwambia ngoja uone. Nilijua kwamba steji nzima ilikuwa inangoja kuona.

Nilirudi siku ya Jumatatu, asubuhi jua likiwa limekwisha panda. Gari lilikuwa limeoshwa. Skwodi alikuwa amesimama nje, kando ya mlango wa dereva, na mlango ulikuwa wazi. Aliniambia breki za nyuma zilianza kulia akazibadilisha, na kwamba kiti amekisogeza nyuma kwa ajili ya miguu yake, nikirudishe mwenyewe. Kwa mujibu wa karatasi, skwodi akimaliza zamu kama hiyo jina lake hupanda juu katika orodha ya wanaosubiri gari lao wenyewe, na alikuwa ameliona jina lake limepanda. Alinipa mkono. Mkono wake haukuwa na kinyongo.

Katibu alinikabidhi bahasha ya kaki yenye sahihi ya skwodi. "Fungua hapa mbele ya watu," akasema, "tuone kama siyo ya unga." Walicheka mpaka wapiga debe wa upande wa pili wakaja kuuliza kuna nini. Nilicheka pia. Yule mwenye shinikizo la damu hakucheka. Alikuwa anatazama bahasha, kisha ananitazama mimi nikiingia kwenye kiti. Alhamisi yake alikabidhi ufunguo akaenda kulazwa, na juma lililofuata akafuata mwingine mwenye jipu la jino.

Lakini kabla ya kuwasha gari nilishuka tena, nikarudi ofisini. Katibu alikuwa anaandika saa ya mimi kurudi kazini. Nilisimama mbele ya meza yake. Sasa kwa kuwa sikuwa na cha kupata kwake wala cha kupoteza, niliweza kusema.

"Mzee," nikasema, "ile gari ya zamani. Nilikosa. Niliulizwa kama naweza kuendelea, nikasema ndiyo, na ilikuwa ni yako. Naomba msamaha."

Aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaweka kalamu chini.

"Malaria ile ilinishika siku nne," alisema. "Siku ya tano nimekuja hapa, nimevaa shati safi. Nimekuta wewe nafunga mlango ya gari, unaondoka."

Sikujua. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimejiambia kwamba aliugua sana, mwezi au zaidi, na kwamba gari haliwezi kumngoja mtu mwezi mzima. Langu lilikuwa limeningoja majuma sita.